"Kupata" kwa Kiingereza: anza na Kiswahili chako

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nipo kwenye mradi wa afya ya mama na mtoto mkoani Morogoro, na kila robo mwaka huandika ripoti ya Kiingereza inayokwenda kwa wafadhili. Safari hii mhariri wetu alinirudishia ukurasa wenye "get" na "got" 11, zote kazipigia mstari mwekundu. Nikaingia kwenye orodha ya visawe kwenye simu, nikaziondoa zote na kuweka "obtain", "acquire" na "procure". Ukurasa umerudi tena, na mistari imezidi. Naomba unisaidie: neno zuri la Kiingereza la "kupata" ni lipi?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kazi. Ukurasa wako nimeusoma, matoleo yote mawili. Mhariri hakukuonea, ila nawe hukuzembea. Ulifanya wanachofanya wengi wakishapewa orodha ya visawe: ukachukua maneno ya juu ukayapachika kila palipokuwa na lile lililokatazwa. Matokeo yake sasa kuna kina mama watano ambao "procured malaria", na dereva ambaye "obtained an accident" karibu na Mikumi. Msomaji wa Kiingereza akikutana na sentensi ya kwanza anaelewa kwamba kina mama hao walihangaika kuitafuta malaria mpaka ikapatikana. Ya pili inamwambia kwamba dereva aliomba ajali, akakubaliwa.

Neno unaloliulizia halipo. "Kupata" ni kitenzi kimoja kwa umbo tu. Kwa maana ni ukoo mzima. Tunapata mshahara, tunapata homa, tunapata mtoto, tunapata ajali, tunapata usingizi, tunampata mtu kwenye simu. Hata kisu hupata: ukisema kisu hiki hakipati, umesema ni butu, nyama haitakatika. Kisawe hakishikani na neno zima. Kinashikana na maana moja ya neno hilo, na maana ikibadilika, nacho kinaachia.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haiko kwenye Kiingereza. Chukua sentensi ya Kiswahili iliyokuwa kichwani mwako, ng'oa "kupata", halafu tafuta kitenzi kingine cha Kiswahili kinachoweza kukaa hapo bila kuharibu habari. Ukishakiona hicho, Kiingereza chake hakikai mbali. Uliandika kwamba kituo kilipata vyandarua 200. Kilifanyaje? Vililetwa, kikavipokea. Basi ni "received". Mlipata kibali cha wilaya: mliandika barua, mkasubiri, mkapewa. Hapo ndipo "obtained" inapokaa vizuri, maana ni kupata kwa kuomba na kufuata taratibu. Ndiyo sababu utaikuta pamoja na vibali, leseni na ridhaa ya mgonjwa. Mmempata mfadhili mpya baada ya kuhangaika miezi mingi, na sasa mna uhakika naye: "secured". Kikundi cha kina mama kilipata shilingi 300,000 kwa kuuza sabuni. Hawakugawiwa, walizichuma kwa jasho lao, kwa hiyo ni "earned". Neno hili napenda ulitumie bila woga, maana lina heshima ndani yake. Mfadhili akilisoma anajua kuna mikono iliyofanya kazi. Na "procure", ambalo umeliweka mara nne, waachie watu wa ununuzi na zabuni zao. Nje ya hapo ni neno la kuogopwa kidogo, kwa sababu Waingereza hulitumia pia kwa mtu anayewatafutia wengine makahaba.

Sasa tazama sentensi yako ya sita: "The dispensary acquired an ultrasound machine." Hapa nilisimama. Mashine hiyo kituo kiliinunua? Kilipewa msaada? Kiliazimwa na hospitali ya wilaya? "Kupata" ilikuwezesha kupita bila kusema, na "acquired" nayo imekupitisha vilevile, ila imevaa tai. Ndiyo maana naamini mstari mwekundu wa mhariri haukuwa wa kupamba lugha. Ulikuwa swali. Watu wengi hufundishwa shuleni kwamba "get" ni neno la kitoto, basi wanaliona kama doa la kufuta. Mimi nasema kosa lake kubwa katika ripoti ni kwamba linaficha njia: linatuambia kitu kimefika mkononi, halituambii kimefikaje. Ukibadilisha neno bila kujibu swali hilo, habari iliyokosekana bado haipo.

Niliwahi kujifunza hili mahali ambapo mtu mwingine ndiye aliyeumia. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya ukalimani niliitwa hospitali moja ya mkoa kumsaidia daktari mgeni. Mama mmoja aliketi na mtoto wa kama miaka miwili mapajani, akasema, "Mtoto hapati choo, leo siku ya nne." Nikatafsiri mbiombio, neno kwa neno: "The child has not got a toilet for four days." Daktari akaandika kitu kwenye kadi, akaanza kuuliza habari za nyumbani: choo chao ni cha shimo? Wanatumia cha jirani? Mama akajibu la kwanza kwa adabu, akajibu la pili, kisha akanyamaza. Akamlaza mtoto chali, akapandisha fulana yake, akaliminya tumbo kwa vidole viwili taratibu. Lilikuwa limekaza kama ngoma. Daktari akaweka mkono wake pale pale, na mkono ukamwambia ambacho mimi sikumfikishia. Alichosema mama ni kwamba mtoto "hasn't passed stool for four days". Kwa neno moja, "constipated".

Tangu siku ile siitafsiri "pata" kabla sijaisikia nomino inayoifuata. "Kupata choo" ni kitendo kimoja kilichoandikwa kwa maneno mawili. Hakuna choo kilichotafutwa. Vivyo hivyo "sikupata usingizi" ni "I couldn't sleep". "Kupata fahamu" ni "regain consciousness". "Kupata hedhi" ni "menstruate", au kwa lugha ya kawaida "have a period". Na "kupata nafuu" ni "improve", si "recover": mwenye nafuu bado yuko kitandani, aliyepona ameshaondoka wodini, na kwenye ripoti ya afya tofauti hiyo inahesabiwa. Misemo ya namna hii ibebe ikiwa mizima, usiipasue.

Kwa kuwa ripoti yako ni ya afya, magonjwa ndiyo yatakayokusumbua zaidi. Kiswahili husema "kupata" kwa malaria, kwa kisukari, kwa kiharusi na kwa kifafa cha mimba, bila kujali ugonjwa umeingiaje. Kiingereza kinajali. Unaoambukizwa kutoka nje ni "contract", kwa hiyo kina mama wako "contracted malaria". Mafua watu husema "catch a cold". "Get malaria" nayo husemwa kila siku, wala si kosa. Ni lugha ya barazani tu, si ya ripoti. Ugonjwa unaojijenga ndani ya mwili ni "develop": mtu "develops diabetes", mjamzito "develops eclampsia". Ukiandika kwamba mtu "contracted diabetes" umemwambia msomaji wako kwamba kisukari kinaambukiza, na hapo umekosea tiba, si sarufi. Kinachomwangusha mtu kwa ghafla ni "suffer" au "have": "suffered a stroke", "had a seizure".

"Acquire" nayo ina kiti chake hospitalini, ila ni cha kazi maalumu. Huonyesha kwamba hali fulani mtu hakuzaliwa nayo, au hutaja mahali alipoipatia, kama maambukizi ambayo mgonjwa huyapata akiwa amelazwa. Ile herufi A ya kwanza katika AIDS ndiyo hiyo "acquired". Sisi tulipounda UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, tuliiacha nje, na jina likatutosha.

Kuhusu kupata mtoto, andika "gave birth" au "had a baby". Katika takwimu za kituo, "delivered". "She got a baby" utaisikia Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na sisi wenyewe tunaelewana. Msomaji wa mbali anaweza kujiuliza kama mtoto huyo alizaliwa na mama au aliletwa na mtu. Ni hivyo hivyo kwa "got an accident" ya kwetu. Kiingereza cha kuandika ni "had an accident", au "was involved in an accident" pale ambapo hutaki kusema nani mwenye kosa. Polisi na watu wa bima hulipenda hilo la pili kwa sababu hiyo. Majeraha ni "sustained injuries". Hasara, gharama na madeni ni "incur".

Hapa Kiswahili chenyewe kinakupa kipimo ambacho sijakiona kwenye kamusi yoyote ya visawe, na mimi hukitumia kila siku. Jaribu kuigeuza "kupata" yako iwe "kupatwa na". Amepata msiba: amepatwa na msiba. Amepata degedege: amepatwa na degedege. Sentensi imesimama. Sasa jaribu kwa mshahara, "amepatwa na mshahara", imeanguka. Pale inaposimama, mtu hakupata kitu, ni kitu ndicho kilichompata yeye, na hapo "obtain", "gain", "secure" na "procure" zote hazina nafasi. Vitenzi hivyo vinadai mtu aliyetaka na akanyoosha mkono. Tafuta "suffer", "sustain", "be struck by", "be affected by". Hata anga tunaliona kwa jicho hilo hilo. Tarehe 1 Septemba 2016, watu walipofika Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama jua likibaki pete ya mwanga, hakuna aliyesema jua limepata kitu. Tulisema limepatwa. Kiingereza kwa jambo hilo kina neno la asili ya Kigiriki, "eclipse", lisilo na udugu wowote na "get".

Kuna "kupata" nyingine ambazo katika Kiingereza haziwi kitenzi kabisa. "Nimepata kufika Lamu" ni "I have been to Lamu". "Umepata kumwona simba?" ni "Have you ever seen a lion?" Hapo kazi yote ya "pata" imebebwa na "have" na "ever". Ukiandika "jambo ambalo halijapata kutokea", neno moja linatosha: "unprecedented". Na "apate kupona" ni "so that she may recover". Kwenye kurasa zako iko moja ya aina hii, aya ya tatu, pale unapotaka kusema kina mama wapate kuhudhuria kliniki mapema. Uliandika "to get to attend". Futa "get to", sentensi inakaa sawa.

"Kupatikana" pia huponza. Dawa zisizopatikana ni "unavailable", au "out of stock" kama kwa kawaida huwepo na sasa zimeisha. Kwa mfadhili haya ni mambo mawili mbalimbali. Mtoto aliyepotea akapatikana ni "found". Mshtakiwa aliyepatikana na hatia naye ni "found guilty".

Nikupe mfano mmoja ulio nje ya kazi yako, kwa sababu unaonyesha uzito wa jambo hili kuliko mingine. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Kiswahili kinaweza kuishia hapo, "ilipata". Kiingereza kinakulazimisha uchague. "Gained" haina upande. "Attained" na "achieved" zinasema kulikuwa na safari na juhudi. "Won" inasema kulikuwa na mapambano. Mkenya aliyelelewa na babu aliyeingia msituni wakati wa Mau Mau ataichagua hiyo, na ana haki. "Was granted" inamweka Mwingereza kuwa mtoaji na sisi wapokeaji. Maneno yote haya yamo kwenye orodha moja ya visawe kwenye simu yako, yamepangwa kama maembe kwenye fungu, bei moja. Mimi kila nikihariri maandishi ya historia nikakuta "was granted independence" yameandikwa na mtu wa kwetu, humpigia mwandishi simu kumuuliza kama ndivyo anavyoamini. Mara nyingi hakuwa ameliwaza.

Swali lako la "kwa nini haya maneno yana harufu tofauti" hukuliuliza, lakini nitalijibu kidogo maana litakusaidia usikariri. "Get" liliingia Kiingereza kutoka kwa watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza, nalo likabaki neno la jikoni na shambani. Baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama, na Kilatini kilikuwa tayari lugha ya kanisa na elimu. Huko ndiko walikotoka "obtain", "acquire", "procure" na "receive", na ndiyo maana mpaka leo yananukia ofisi. Jambo hili si geni kwako. Tuna "uliza", neno letu la Kibantu, kisha "hoji" na "saili" yenye asili ya Kiarabu. Mtoto humuuliza mama yake, hamsaili. Waingereza nao wana "ask", "question" na "interrogate", na mtoto wao hamuinterrogeti mama. Sikio lako linalokukataza "kusaili" mahali pasipofaa ndilo hilo hilo unalopaswa kulisikiliza kabla ya kuandika "procure".

Orodha za visawe nazo usizitupe, ila zitumie kwa namna zilivyokusudiwa. Peter Mark Roget, daktari wa London aliyechapisha ile maarufu zaidi mwaka 1852, hakuyapanga maneno kwa alfabeti. Aliyapanga kwa mawazo, wazo moja na jamaa zake, ili mtu aliyekwisha kujua anachotaka kusema alitafute neno lake ndani ya wazo hilo. Orodha nyingi za kwenye simu zimechanganya maana zote chini ya neno moja, na mtu mwenye haraka haoni mipaka. Ukishaona neno linalokuvutia, usiliandike kwanza. Fungua kamusi yenye mifano, soma sentensi tatu za neno hilo, uangalie nomino zinazokaa baada yake. Kama hakuna hata moja inayofanana na yako, liache.

Wala usiondoke hapa ukiwa na vita na "get" yenyewe. Waingereza na Wamarekani wanaiishi kutwa: "get up", "get married", "get well soon". Ukimwandikia mwenzako kazini ujumbe, "Did you get my email?" ni sahihi na ni tamu, "Did you obtain my email?" inaumiza sikio. Ukimsoma Mmarekani ameandika "gotten", hajakosea, ni Kiingereza cha kwao, ingawa Mwingereza wa leo husema "got". Katika zile 11 zako za mwanzo, moja ningeiacha ilivyo: ile uliyomnukuu mama akisema, "I got better care this time." Alisema kwa kinywa chake, na neno linamfaa. Wewe ulimgeuza akasema "procured better care". Mrudishie maneno yake.

Zilizobaki tisa nimekuandikia pembeni ya ukurasa, kila moja na kitenzi chake cha Kiswahili kwanza, kisha cha Kiingereza. Mikumi ni "alipatwa na ajali", "had an accident". Vyandarua ni "kupokea", "received". Ya mashine ya ultrasaundi nimeiacha wazi. Hiyo mimi siwezi kukujazia, wala simu haiwezi. Mpigie mganga mfawidhi wa kituo, muulize mashine ilifikaje pale, ndipo uandike "bought", "was given" au "borrowed".